UZI: Kuning'iniza boti ndogo juu ya gari kwenye banda la nyumbani – mbao, puli, winchi na majaribio

TeziNaOmo
Wakuu, naomba ushauri wa kiufundi, siyo ule wa "kaiache ufukweni".

Boti ni Laser, boti ndogo ya tanga (sasa wanaiita ILCA): urefu mita 4.2, upana karibu mita 1.4, bodi tupu kilo 59. Banda la gari lipo Mbezi Beach, ndani ni mita 5.8 kwa 3.4, sakafu hadi dari mita 2.9. Gari ni Noah. Paa ni la mabati, kenchi za mbao ya paina mbili kwa nne (inchi), zimepangwa kila mita 1.5, na zinakatiza upana wa banda. Dari ni jipsam.

Nataka boti ikae juu ya gari, na mtu mmoja aweze kuipandisha. Winchi ya mkono ninayo, ile ya trela. Nianzie wapi?

Kenchi_Fundi
Anza juu ya dari, winchi iache kwanza. Panda na tochi na bisibisi. Choma mbao ya chini ya kila kenchi, hasa ncha zinazokaa ukutani, maana mchwa huingilia hapo na kula ndani huku nje ukiona mbao nzima. Bisibisi ikizama zaidi ya milimita chache kwa nguvu ya mkono, kenchi hiyo haibebi kitu. Tazama pia viungo: kama mbao ya chini imeungwa katikati kwa misumari mitatu tu, ongeza vipande vya mbao pande zote mbili na bolti kabla ya kuwaza boti.

Sasa kosa ambalo watu wengi hulifanya: kufunga kulabu ya kuzungusha moja kwa moja chini ya mbao ya kenchi, katikati ya nafasi. Mbao ya chini ya kenchi kazi yake ni kuvutwa kwa urefu, izuie kuta zisitanuke. Ukiining'inizia mzigo katikati inapinda, na tundu la skrubu upande wa chini ndipo ufa unapoanzia. Halafu skrubu inashikwa na nyuzi zake tu. Paina ikikauka ikasinyaa, inaanza kutoka yenyewe.

Fanya hivi. Laza mbao mbili za mbili kwa nne, futi 16 kila moja, JUU ya mbao za chini za kenchi, zikiwa zimesimama kwa ubavu, kufuata urefu wa banda. Zigawe mita 1.4, yaani sentimita 70 kila upande wa mstari wa kati. Kwa kenchi za kila mita 1.5, futi 16 inakalia kenchi nne. Kwa upana wako wa 3.4 mbao hizo zitaangukia karibu na pale vimbao vya mshazari vinapokutana na mbao ya chini, na ndipo kenchi ina nguvu. Zishikilie zisianguke kwa vipande vya kona na skrubu za pembeni. Usitoboe kenchi.

Faida ya pili: vining'inizo vyako vitakaa popote unapotaka kwenye urefu, hata kama kenchi hazilingani na boti.

Msumari6
Mkuu Kenchi_Fundi, kwa nini usiseme mbili kwa sita? Mbili kwa nne naona nyembamba.

Kenchi_Fundi
Piga hesabu. Kila kona ya boti ni kilo 15, na mbao za kuongezea tutakazofunga chini ya dari weka kilo 5 kwa kona. Kilo 20 katikati ya nafasi ya mita 1.5, mbili kwa nne iliyosimama haishtuki. Mbili kwa sita inaongeza kama kilo 12 kwa mbao zote mbili na wewe hupati kitu. Uzito usio na kazi usiupandishe darini. Jumla ya boti, mbao na vyuma itakuja kama kilo 115, gawanya kwa kenchi nne, chini ya kilo 30 kila moja. Fundi akitembea juu ya dari lako anaweka zaidi ya hapo.

Ila isimame kwa ubavu. Ukiilaza bapa ndiyo utaona inalegea.

RodaNane
Upande wa juu umekaa vizuri. Sasa kamba na nguvu zake, maana hapa ndipo watu wanapopima uzito wa boti halafu wananunua vifaa vya uzito huo huo.

Mikanda miwili chini ya boti, kila mkanda una ncha mbili, kwa hiyo kamba nne. Kila kamba inabeba kilo 15. Kamba ikipanda wima na kugeuka kulala, puli ya kona haivutwi kwa 15, inavutwa kwa kama 21 na kwa mshazari. Hiyo ni ndogo. Lakini kamba zote nne zinakuja kuungana kwenye pete moja na kwenda kwenye winchi ya ukutani. Jumla 60, ongeza msuguano (puli za kawaida zinakula kama asilimia 10 kila moja), unafika 75. Puli ya mwisho, inayoigeuza kamba hiyo kushuka ukutani, inavutwa kwa 75 mara 1.4. Hiyo ni kilo 105. Puli moja inabeba karibu mara mbili ya boti nzima, na ndiyo ambayo watu huifunga kwa skrubu mbili kwenye mbao ya dari.

La pili ni mvutano wa kulala. Kamba za mbele zinavuta fremu kuelekea nyuma kwa kilo 30 na zaidi. Kama puli zimening'inia kwenye nondo tupu zinazotokeza darini, nondo zitainama na jipsam itapasuka kuzizunguka. Kwa hiyo chini ya dari weka fremu:

Mbao mbili za kukingama, mbili kwa nne, mita 1.6 kila moja, moja usawa wa mkanda wa mbele na moja wa nyuma. Kila moja inashikwa na nondo mbili zenye uzi, mm 10, zinazopita darini na kwenye zile mbao za juu. Washa kubwa za mraba mm 50 juu na chini, nati mbili zilizobanana kila ncha.

Mbao ya kati, futi 16, inayounganisha hizo mbili na kuendelea mpaka KUGUSA ukuta wa nyuma. Hiyo ndiyo inayokula ule mvutano wa kulala. Isipogusa ukuta haina kazi.

Puli: nne za kona, mbili pacha katikati ya kila mbao ya kukingama, na moja kubwa ya mwisho. Kamba inatoka kona inaingia puli pacha ya katikati, ndipo inakwenda kwenye pete. Wapo wanaotaka kubana matumizi kwa kuvuta kamba za kona mshazari moja kwa moja hadi kwenye pete. Mshazari unabadilika pete ikitembea, kwa hiyo omo (mbele ya boti) na tezi (nyuma) havipandi sawa. Boti inaanza vizuri na kumaliza imeinama.

Kamba ni poliesta ya kusokotwa, mm 8. Nailoni inanyumbuka, utaiacha boti juu Jumapili na kuikuta imeshuka sentimita kadhaa. Zile za plastiki za bluu na manjano zinateleza kwenye fundo. Gurudumu la puli lisiwe chini ya mm 50, likiwa dogo kamba inapinda sana na msuguano unakua.

TeziNaOmo
Nimeelewa. Mikanda ikae wapi kwenye boti?

RodaNane
Kwa mzigo uliosambaa sawasawa, kama asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha. Kwako ni sentimita 90 kutoka omo na 90 kutoka tezi, mikanda inaachana mita 2.4. Hizo ndizo vituo vya mbao za kukingama.

Angalia jambo moja. Omo ni nyembamba, kwa hiyo mkanda wa mbele utapenda kuteleza kwenda mbele na boti ichomoke. Unganisha mkanda wa mbele na wa nyuma kwa kamba mbili za urefu, moja kila ubavu, zikazwe. Bila hizo usipandishe hata nusu mita.

Mkanda upana mm 50, ile ya kufungia mizigo ya lori. Kamba tupu chini ya faiba inaacha alama.

PeteYaChuma
Kabla hajakata mbao: mwambieni kuhusu safari ya pete. Boti ikipanda mita 1.5, pete nayo inatembea mita 1.5. Akiiweka boti katikati ya banda, puli za nyuma zitakuwa mita 1.7 toka ukuta wa nyuma, ukitoa ukubwa wa pete, mafundo na puli yenyewe anabaki bila nafasi. Pete itagonga puli ya mwisho boti ikiwa bado inagusa paa la Noah, na yeye ataendelea kuzungusha winchi akidhani ni msuguano.

Sogeza boti nzima mbele, omo ibaki sentimita 30 toka mlangoni. Hapo puli za nyuma zinakuwa mita 2.2 toka ukutani, pete inapata nafasi.

TeziNaOmo
Mlango ni wa geti la chuma wa kufungua nje, kwa hiyo mbele hakuna kizuizi. Shukrani, hiyo nisingeiona.

Kimo sasa: dari 2.9, toa fremu na puli kama sentimita 20, boti kama 45, inabaki 2.25. Paa la Noah ni kama 1.85.

PeteYaChuma
Paa sawa, lakini mlango wa nyuma wa Noah unafunguka kwenda juu. Ufungue na upime ncha yake kabla ya chochote. Wenye Prado za zamani hawana shida hiyo, mlango wao unafunguka ubavuni.

Kabuli_ya_Umeme
Mnajitesa. Kuna winchi za umeme za 220V, zinauzwa zikiwa na rimoti ya waya, zimeandikwa 100/200. Funga mbili, bonyeza, maliza.

RodaNane
Zinafaa kunyanyua, ila soma kibandiko. 100 ni kwa waya mmoja, 200 ni ukiukunja kupitia puli yake. Zimetengenezwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi na kupumzika, na kuvuta wima tu. Ukizifunga mbili, moja mbele moja nyuma, hazizunguki mwendo mmoja. Kila sentimita 20 unasimama kusawazisha. Umeme ukikatika boti ikiwa nusu njia, breki inaishika lakini hushuki nayo, na gari lipo chini.

Na iwe ya umeme au ya mkono, kanuni ni moja: winchi inapandisha, minyororo ndiyo inayoshikilia. Boti ikifika juu, funga minyororo minne ya mm 6 ya viungo vilivyochomelewa, kila mmoja uzunguke mbao ya juu ya dari kwa tundu lake pekee, si kwenye nondo zile zile za puli. Kisha legeza winchi sentimita moja mpaka uzito uhamie kwenye minyororo. Kamba ikipumzika inaishi miaka mingi.

FundiGiaNyoka
Ile winchi ya trela aliyonayo mleta uzi tuiangalie. Nyingi zina meno na kishikizo cha kuzuia kurudi nyuma, basi. Kupandisha hakuna tatizo. Kushusha, unatoa kishikizo na mzigo wote unakuja kwenye mpini. Ukiuponyoka unazunguka kwa kasi, unavunja mkono, na boti inakuja chini. Winchi hiyo ilikusudiwa kuvuta boti kupanda trela, kuning'iniza haikupangiwa.

Tafuta winchi ya gia ya nyoka, ile ambayo mpini ukiuacha mzigo unasimama ulipo, kupanda na kushuka unazungusha wewe. Au ya breki ya msuguano inayojibana. Ya uwezo wa kilo 250 na kuendelea inatosha kabisa. Hakikisha mizunguko mitatu ya kamba inabaki kwenye ngoma hata boti ikiwa chini kabisa.

Ifunge kimo cha mita 1.3, nje ya kivuli cha boti. Ukuta wa tofali za saruji, usitegemee plagi za plastiki: toboa hadi upande wa pili, bolti mm 10 nne, bamba la chuma mm 5 nje. Tofali za mtaani nyingine zina mchanga mwingi kuliko saruji, bolti ya kutanuka inazisaga tu.

Nyali_Slabu
Kwangu hakuna kenchi, juu kuna slabu na ghorofa. Si naepuka yote haya?

Kenchi_Fundi
Unaepuka mbao, unapata mengine. Kwanza jua ni slabu gani. Kama ni zege nzima ya sentimita 15, bolti za kutanuka za mm 10 zikizama mm 60 hadi 70 zinatosha. Kama ni ile ya matofali matupu yenye mbavu za zege katikati, ambayo imejengwa sana Kenya, bolti ikiangukia kwenye tofali inashika ganda jembamba na itatoka na kipande. Toboa tundu dogo la mm 6 kwanza. Vumbi la zege ni kijivu na kuchimba ni kugumu mwanzo hadi mwisho. Ukisikia keekee imedondoka kwenye uwazi, acha, tafuta ubavu.

Pili, mabomba ya nyaya za umeme huku kwetu hulazwa ndani ya slabu kabla ya kumwaga zege, na yanatoka kwenye boksi la taa kwenda pande zote. Zima umeme kwenye meni swichi, na usitoboe kwenye mstari unaotoka taa kwenda swichi au taa kwenda taa. Ukigonga nondo sogea sentimita 5, usiikate.

Tatu, puliza vumbi litoke tunduni. Vumbi likibaki bolti inazunguka badala ya kukaza. Na usiweke tundu chini ya sentimita 10 toka ukingo wa slabu.

Chumvi
Nyali, Mbezi, Kigamboni, kote ni hewa ya chumvi. Vyuma vile vya kung'aa vya duka la kawaida vina zinki nyembamba, vinaanza kutu mapema. Chukua vilivyochovywa zinki ya moto (rangi ya kijivu, si ya kumeremeta) au stenlesi ya 316. Usichanganye nati ya stenlesi na nondo ya stenlesi bila grisi, zitakwama katikati na utakata kwa msumeno. Viungo vya umbo la D, pini zifungwe kwa waya, maana mtikisiko wa winchi unazilegeza.

Bolti zenye pete zichukuliwe za pete iliyofungwa. Kulabu ya mdomo wazi inanyooka. Na hata pete nzima, ikivutwa kwa mshazari wa nyuzi 45 uwezo wake unashuka hadi kama theluthi ya ule wa kuvutwa wima. Ndiyo sababu ya kununua kubwa kuliko hesabu.

Kifudifudi
Hamjagusa boti yenyewe. Laser ining'inizwe kifudifudi, sitaha ikitazama sakafu. Hapo uzito unakaa kwenye kingo, sehemu ngumu. Ikikaa chali kwenye mkanda, uzito unabana chini ya bodi ambapo faiba ni pana na nyembamba. Joto la mabati mchana likiilainisha, mkanda unaacha bonde. Bonde chini ya bodi ni mwendo umepotea majini.

Kuigeuza ni kazi ya watu wawili. Mleta uzi alitaka mtu mmoja: kupandisha sawa, kugeuza hapana. Igeuzeni juu ya stendi mbili za mbao za sentimita 80 zilizovishwa zulia, halafu winchi ianze hapo.

Kabla ya kupandisha: toa mlingoti, usukani, ubao wa katikati, kamba zote. Fungua kizibo cha nyuma na uinamishe maji yatoke. Kizibo kibaki WAZI muda wote ikiwa juu. Hewa ndani ya bodi iliyozibwa inatanuka mchana na kusinyaa usiku, inachosha kiungo cha sitaha na bodi, na unyevu haupati pa kutokea. Maji yaliyonasa yanaweza kuongeza kilo kadhaa ambazo hesabu za hapo juu hazikuziweka.

Mkanda usipite juu ya vishikio vya kamba kwenye sitaha. Ukilazimika, weka sponji nene.

Toronto_Baridi
Kwa tulio Kanada, tofauti mbili. Kenchi za kiwandani huwa kila sentimita 61 na mbao ya chini imepigiwa hesabu ya dari na mzigo mwepesi tu, kwa hiyo mbao za kulaza juu zikalie kenchi sita au zaidi, na mabamba ya meno ya chuma yasiguswe. Mlango wa kukunja una reli na springi juu; springi hiyo usiifungue wala usifunge chochote kwenye reli. Na maji yaliyobaki ndani ya bodi yataganda na kupasua faiba kutoka ndani.

Kayaki2
Kayaki ya plastiki je? Kilo 30, mita 3.6.

Kifudifudi
Mikanda mitatu badala ya miwili, kifudifudi au kwa ubavu. Usiining'inize kwa vishikio vya kubebea. Plastiki hiyo ikipata joto inajikunja polepole kufuata mkanda, na chini ya mabati bila dari joto ni kali. Acha angalau sentimita 50 kati yake na bati.

Msumari6
Na boti ya mashine? Injini ikae nayo juu?

FundiGiaNyoka
Hapana. Injini kwenye stendi yake sakafuni, tangi la petroli nje ya banda kabisa.

TeziNaOmo
Orodha yangu, mnisahihishe:
mbao mbili kwa nne futi 16: tatu, na kipande kimoja cha mita 3.2 kikatwe vipande viwili
nondo yenye uzi mm 10, mita 1: mbili, zikatwe vipande vinne
nati 16, washa za mraba 8
puli za kona 4, pacha 2, ya mwisho 1, zote za kilo 100
pete ya chuma 1
mikanda mm 50: miwili
kamba poliesta mm 8: mita 25
mnyororo mm 6: mita 8
winchi ya gia ya nyoka kilo 250

RodaNane
Puli ya mwisho ya kilo 100 ndiyo hesabu ilikwambia inavutwa kwa 105. Nunua ya 300 au zaidi, na uifunge kwa bolti inayotoboa mbao ya kati, bamba upande wa pili. Nyingine zote sawa.

PeteYaChuma
Kabla boti haijaingia, jaribu kwa maji. Fungia mikanda kwenye ubao mpana, panga madumu sita ya lita 20, hiyo ni kilo 120, mara mbili ya boti. Pandisha sentimita 30 tu toka sakafuni, usipandishe zaidi. Vuta uzi wa kujengea ukuta hadi ukuta chini ya fremu na uweke alama ya penseli. Acha usiku mzima. Asubuhi fremu ikiwa imeshuka zaidi ya mm 5, au jipsam imechora ufa kwenye nondo, panda juu uone ni kenchi gani inalegea. Kisha kaza nati tena baada ya mwezi, kwa sababu paina ya sokoni huuzwa haijakauka.

TeziNaOmo
Madumu ninayo. Ubao wa madumu nikae nao upande gani wa winchi nikijaribu?

PeteYaChuma
Wewe kwenye winchi, ubao chini ya fremu, gari nje, watoto nje, na mlango umefungwa.